Shajara ya mradi: kupima mzigo wa mfumo wa tiketi

Jumatatu: tunachokitafuta

Mfumo wetu unauza tiketi za matamasha na michezo. Siku za kawaida hauna neno: watu wanaingia mmojammoja, wanatazama, wananunua, wanaondoka. Mambo huharibika saa ile mauzo ya onyesho kubwa yanapofunguliwa. Watu wote wanakuwa wameshakaa mkao wa kula, na ndani ya dakika moja mfumo unapokea kazi ya siku nzima. Mara ya mwisho kurasa ziligoma kufunguka, na kilichotuumiza kichwa zaidi ni kwamba seva zenyewe zilikuwa zimetulia. CPU, yaani kichakataji cha seva, haikufika hata nusu. Mfumo ukikwama huku mashine zake hazina kazi, ujue kuna kitu unakingoja. Kazi yetu ni kukijua kitu hicho, kukiondoa, halafu kutafuta kinachofuata.

Kiwango tunachotaka kukifikia tumekiandika kabla ya kugusa chochote, maana bila hivyo kila mtu atapima anachokipenda. Maombi 400 ya kutazama kwa sekunde, pamoja na manunuzi 50 kwa sekunde ya onyesho moja, kwa dakika 20 mfululizo. Kati ya kila maombi 100, 99 yajibiwe ndani ya sekunde 1, ukiondoa muda wa huduma ya malipo. Makosa yasizidi 1 katika kila maombi 1,000. Na sharti moja halina mjadala: kiti kimoja kisiuzwe kwa watu wawili, hata mzigo uwe mkubwa namna gani.

Jumanne: kwanza tukikague chombo chenyewe

Tunatumia k6, programu inayotuma maombi bandia kwa wingi. Timu nyingine zinatumia JMeter, Gatling au Locust, na zote zinafaa. Kinachoamua kama matokeo yataaminika ni namna mzigo unavyozalishwa.

Kuna namna mbili. Ya kwanza unataja idadi ya watumiaji bandia, tuseme 100. Kila mmoja anatuma ombi, anangoja jibu, ndipo anatuma lingine. Ya pili unataja kasi ya kuwasili: maombi kadhaa kila sekunde, majibu yarudi yasirudi. Tofauti yake ni kubwa mno. Katika namna ya kwanza, mfumo ukianza kuchoka, watumiaji bandia nao wanapunguza mwendo kwa sababu wanangoja majibu. Chombo kinauonea mfumo huruma. Mnunuzi wa kweli hana habari kwamba mwenzake bado anangoja. Yeye anafungua ukurasa tu.

Chukua mfano huu. Chombo kinatuma ombi kila milisekunde 10, moja baada ya jingine. Mfumo unaganda kwa sekunde 10. Chombo cha namna ya kwanza kinaandika ombi moja tu lililochukua sekunde 10, kisha kinaendelea na maombi yake ya haraka kana kwamba hakukutokea kitu. Lakini katika sekunde hizo 10 walikuwa wafike watu 1,000, wa kwanza wao angengoja sekunde 10 na wa mwisho karibu sifuri, wastani wao sekunde 5. Mateso ya watu 1,000 yameandikwa kama tukio moja. Mhandisi wa programu Gil Tene ndiye aliyeupa udhaifu huu jina, coordinated omission, na kuupigia kelele kwa miaka, na tangu nilipouelewa siwezi tena kuitazama ripoti ya mzigo bila kuuliza kwanza maombi yalitumwaje. Tumeweka kasi ya kuwasili.

Jambo la pili ni mashine inayozalisha mzigo. Linux kwa kawaida hutumia namba za porti 32768 hadi 60999 kwa miunganisho inayotoka nje, yaani namba 28,232. Upande uliofunga muunganisho kwanza huishikilia namba yake kwa sekunde 60 zaidi kabla haijatumika tena. Gawanya 28,232 kwa 60, unapata kama miunganisho mipya 470 kwa sekunde kuelekea seva moja. Sisi tunataka 450. Tungeupandisha mzigo kidogo tu, tungekuwa tunapima ukomo wa mashine yetu huku tukiulaumu mfumo. Njia rahisi ni kutumia muunganisho mmoja kwa maombi mengi, ila wanunuzi wa kweli kila mmoja anafungua wake, na kufungua muunganisho wa TLS, yaani uliosimbwa kwa usalama, ni sehemu ya mzigo wenyewe. Kwa hiyo tumegawa kazi kwenye mashine kadhaa.

Hifadhidata ya majaribio tumeijaza data ya kubuni yenye wingi na mtawanyiko unaofanana na ule wa mfumo halisi. Jedwali likiwa na mistari mia chache, PostgreSQL, hifadhidata yetu, hulisoma lote hata faharasa (orodha ya kutafutia mistari haraka) ikiwepo, na kila hoja, yaani kila swali kwa hifadhidata, inaonekana ya haraka.

Huduma ya malipo tumeitengenezea mbadala unaojibu baada ya sekunde 2. Kuielekezea huduma ya watu wengine mzigo wa namna hii bila idhini yao ni kuwashambulia.

Jumatano: wastani unaficha

Tumeanza na mzigo mdogo ili tuwe na pa kulinganishia. Wastani unapendeza. Ile P99, yaani muda ambao ombi 1 kati ya 100 linauvuka, ilikuwa inapanda hadi karibu sekunde 2.

Kuna waliosema ombi 1 kati ya 100 si kitu. Nimewapigia hesabu ubaoni. Ukurasa wetu wa onyesho unaita huduma za ndani 20 kabla haujakamilika, na unazingoja zote. Uwezekano wa zote 20 kuwa za haraka ni 0.99 ikizidishwa yenyewe mara 20, yaani kama 0.82. Kwa hiyo katika kila watu 100 wanaofungua ukurasa huo, 18 wanakutana na ucheleweshaji. Jeffrey Dean na Luiz André Barroso wa Google walipiga hesabu hiyohiyo mwaka 2013 kwa ombi linalogusa seva 100: 63 katika kila 100 wanachelewa. Baada ya hapo hakuna aliyeutetea wastani, na tumeuondoa kabisa kwenye ubao wa grafu. Zimebaki P50, P95, P99 na thamani ya juu kabisa.

Alhamisi: hoja zinazozaana

Hili limekwisha haraka. Orodha ya maonyesho inachota maonyesho 30 kwa hoja moja, kisha kwa kila onyesho inauliza tena ukumbi, bei ya chini, na viti vilivyobaki. Hoja 91 kwa ukurasa mmoja. Zimekuwa 4.

Nitaje tu jinsi tulivyozikamata. Kiendelezi cha pg_stat_statements kinaorodhesha kila aina ya hoja, mara ngapi imeitwa, na jumla ya muda wake. Wengi hupanga orodha hiyo kwa hoja iliyo polepole zaidi. Ipange kwa jumla ya muda. Hoja iliyotuumiza ilikuwa inachukua chini ya milisekunde 1 kila mara, na kwa kuitazama peke yake usingeishuku. Jumla yake ndiyo iliyokuwa ya kwanza kwenye orodha.

Tumeongeza pia faharasa moja kwenye jedwali la tiketi. EXPLAIN ANALYZE, amri inayoonyesha jinsi hoja inavyotekelezwa, ilionyesha jedwali zima likisomwa ili kupata mistari michache. Tumeijenga kwa CREATE INDEX CONCURRENTLY, inayochukua muda mrefu zaidi lakini haizuii uandishi. Ukiitumia, hakikisha imemaliza salama. Ikikatika katikati huacha nyuma faharasa isiyotumika ambayo lazima uifute mwenyewe.

Jumatatu, wiki mpya: ukuta wa sekunde 30

Kurasa za kutazama sasa zinakwenda vizuri. Tumewasha na manunuzi, na mfumo mzima ukalala. Hata orodha ya maonyesho, ambayo hainunui chochote, ilianza kurudisha makosa.

Jambo la kwanza kuonekana kwenye grafu ya mtawanyiko ni mstari mnene wa maombi yaliyojipanga sawasawa kwenye sekunde 30. Kazi halisi haijipangi hivyo. Nyingine hukawia zaidi, nyingine kidogo. Nukta zikikaa kwenye namba ya mviringo, tafuta mpangilio unaosema "ngoja mpaka hapa, kisha kata tamaa". Programu yetu ni ya Java na inatumia HikariCP, maktaba inayotunza miunganisho ya hifadhidata na kuigawa kwa wanaoihitaji. Usipoibadilisha, HikariCP huwa na miunganisho 10 ya hifadhidata kwa kila seva, na mwenye kuuhitaji muunganisho hungojeshwa sekunde 30 kabla ya kuambiwa haupo. Tuna seva 4, kwa hiyo miunganisho 40, na yote ilikuwa imeshikwa.

Pendekezo lililokuja mara moja, kama linavyokuja kila mahali, ni kuongeza miunganisho. Tukaongeza hadi 20 kwa kila seva ili kila mtu aone kwa macho yake. Kabla ya kuongeza, mfumo ulikuwa unauza tiketi 30 kwa dakika za onyesho moja. Baada ya kuongeza, tiketi 30 kwa dakika. Lengo letu ni 3,000.

Namba hiyo 30 ndiyo iliyotupa ufunguo. Tiketi 30 kwa dakika ni tiketi 1 kila sekunde 2, na sekunde 2 ndio muda tulioupa mbadala wa huduma ya malipo. Hiyo haiwezi kuwa sadfa. Manunuzi yalikuwa yanapita mojamoja, na kila moja lilikuwa linayangoja malipo ya lililotangulia.

Tumeufungua mwonekano wa pg_stat_activity, unaoonyesha kila muunganisho wa hifadhidata unafanya nini, katikati ya jaribio, na ushahidi ulikuwa pale pale. Muunganisho mmoja ulikuwa katika hali ya "idle in transaction": umefungua muamala (kundi la hatua zinazokamilika au kufutwa kwa pamoja) na haufanyi lolote. Mingine yote ilikuwa "active", na safu ya wait_event_type ikisema Lock. Kitendakazi cha pg_blocking_pids kilitaja kwa kila mmoja nani amemzuia, na ukifuata mnyororo hadi mwisho wake unafika kwa yule mmoja asiyefanya lolote.

Kisha tukasoma msimbo. Muamala unafunguliwa. Mstari wa onyesho unapunguziwa kiti kimoja, na PostgreSQL inaufunga mstari huo mpaka muamala uishe, kama inavyopaswa. Halafu, muamala ukiwa bado wazi, programu inaiita huduma ya malipo na kungoja jibu. Ndipo muamala unafungwa. Ni sawa na mtu aliyeufunga mlango wa ghala kwa ndani kisha akapiga simu ndefu, wenye haraka wote wakiwa nje. Kuongeza miunganisho kulikuwa kunaongeza watu mlangoni. Na kwa kuwa waliosimama mlangoni wameshika miunganisho yote, hata aliyetaka kutazama orodha tu alikosa wa kwake. Ndiyo maana mashine zilikuwa zimetulia siku ile.

Jumatano: kuukata muamala vipande

Hapa kanuni ya Little inasaidia sana. John Little aliichapishia uthibitisho mwaka 1961, na ni fupi ajabu: idadi ya walio ndani ya mfumo ni sawa na kasi ya kuwasili mara muda ambao kila mmoja anakaa ndani. Manunuzi 50 kwa sekunde, kila moja likishika muunganisho kwa sekunde 2, yanahitaji miunganisho 100 kwa ajili ya kungoja tu, hata kusipokuwa na mgongano wa kufuli. PostgreSQL huja na ukomo wa miunganisho 100, na kila muunganisho ni mchakato kamili wenye gharama yake. Ukiupunguza muda wa kushika hadi milisekunde 20, hesabu inatoa 1. Muunganisho mmoja. Niliirudia hesabu hiyo mbele ya wenzangu kwa sababu ndiyo iliyomaliza mjadala wa kununua seva kubwa zaidi.

Basi ununuzi sasa ni miamala miwili mifupi. Wa kwanza unakitenga kiti kwa dakika 10 na kufungwa papo hapo. Malipo yanaitwa bila muunganisho wowote kushikwa. Wa pili unaithibitisha tiketi au kukiachia kiti.

Ukiukata muamala, unakaribisha maswali ambayo muamala mmoja ulikuwa unayajibu kimyakimya, na hayo ndiyo yaliyotuchukulia muda mwingi. Malipo yakifanikiwa lakini seva ikazimika kabla ya kuthibitisha? Kila jaribio la malipo lina kitambulisho chake cha pekee kilichoandikwa kabla ya kuita huduma, na kazi ya nyuma inapita mara kwa mara kuiuliza huduma ya malipo hatima ya vitambulisho visivyo na jibu. Mnunuzi akibofya mara mbili? Kitambulisho ni kilekile, hivyo hatozwi mara mbili. Malipo yakikamilika sekunde moja baada ya zile dakika 10? Tunaurefusha muda wa kutenga pale malipo yanapoanza, ili kiti kisimponyoke mtu akiwa ameshalipa. Na ili lile sharti la kiti kimoja mtu mmoja lisitegemee uangalifu wa programu, tumeweka faharasa ya upekee juu ya tiketi zilizothibitishwa. Hifadhidata yenyewe inakataa ya pili.

Ijumaa: mstari mmoja wenye joto

Manunuzi yamepanda sana, na foleni imehama. Sasa iko kwenye ule mstari mmoja wa onyesho, maana kila mnunuzi bado anaupunguza. Kufuli linashikwa kwa kama milisekunde 8, sehemu kubwa ikiwa ni kungoja diski ithibitishe uandishi. Sekunde moja ina milisekunde 1,000, kwa hiyo ukomo ni manunuzi 125 kwa sekunde kwa onyesho moja. Inazidi lengo letu la 50, na kuna aliyetaka tuishie hapo. Mimi nimekataa. Wanunuzi hawaji kwa mpangilio. Sekunde ya kwanza ya mauzo inaweza kuwa na mara tatu ya wastani wa dakika nzima.

Tumeacha kuhesabu kwa mstari mmoja. Kila kiti kina mstari wake, na mnunuzi anaomba kiti chochote kilicho huru kwa FOR UPDATE SKIP LOCKED, iliyoingia PostgreSQL katika toleo la 9.5. Maana yake: ukikuta kiti kimeshikwa na mwingine, kiruke, chukua kinachofuata. Hakuna anayemngoja mwenzake. Idadi ya viti vilivyobaki, ile inayoonyeshwa kwenye ukurasa, inajumlishwa kila sekunde chache badala ya kuhesabiwa kwa kila ombi, na mtazamaji hapotezi kitu.

Bado kuna kazi kwa wanaotaka viti vinne vilivyo pamoja, maana kuruka kunatawanya. Tunajaribu kushika kipande cha safu nzima kwanza.

Jumatatu: meno ya msumeno

Grafu ya P99 ya kutazama ina jino kali kila sekunde 60, na sekunde 60 ni umri wa ukurasa wa onyesho kwenye kache, yaani hifadhi ya nakala zilizo tayari. Ukurasa ukiisha muda, maombi yote yanayowasili sekunde hiyo yanaukosa kwa pamoja na kwenda hifadhidata kwa pamoja, kila moja likiutengeneza ukurasa uleule. Sasa ombi la kwanza ndilo linaloutengeneza, na mengine yanapewa nakala ya zamani mpaka mpya iwe tayari. Umri wa kila ukurasa tumeuongezea sekunde chache za nasibu, ili kurasa za maonyesho mbalimbali zisife kwa wakati mmoja. Meno yametoweka.

Tulipokuwa hapo tukazirekebisha simu za wateja pia. Programu ya simu ilikuwa inarudia papo hapo ombi lililoshindwa, bila kupumzika, hadi mara 5. Mfumo unaozidiwa unapewa mzigo mara 6 saa ileile umelegea. Sasa inangoja muda unaoongezeka maradufu kila inaporudia, ukichanganywa na nasibu, na mara mbili zikipita inaacha.

Alhamisi: ukingo uko wapi

Tumepandisha mzigo polepole kupita lengo, mpaka mfumo ulipoinama, ili tujue ukingo uko wapi. Umbo la grafu ni lile ambalo nadharia ya foleni inalitabiri. Katika foleni rahisi yenye mhudumu mmoja, muda wa majibu ni muda wa kazi ukigawanywa kwa sehemu ya mhudumu iliyo huru. Akishughulika nusu ya muda, unakaa mara 2 ya kazi yenyewe. Akishughulika asilimia 90, mara 10. Akifika 95, mara 20. Kati ya 90 na 95 hakuna kilichoharibika, ila mtumiaji anangoja maradufu. Kwa sababu hiyo tumekubaliana kwamba rasilimali yoyote ikivuka asilimia 65 siku ya mauzo, mfumo uanze kuwaweka watu kwenye chumba cha kusubiri, wakionyeshwa nafasi yao katika foleni. Mtu akijua ni wa 800 anatulia. Ukurasa mweupe ndio unaomfanya abofye tena na tena.

Jaribio refu la usiku kucha limepita, isipokuwa kumbukumbu ya seva moja ilikuwa inapanda pole pole bila kushuka. Chanzo ni orodha ya vikao ambayo haikuwa na ukomo. Tumeipa ukomo.

Yaliyobaki

Jaribio fupi la dakika 5 sasa linaendeshwa kila toleo jipya linapoandaliwa, na P99 ikivuka kiwango, toleo halipiti. Mwishoni mwake kuna hoja inayohesabu viti vyenye tiketi zaidi ya moja iliyothibitishwa. Hadi sasa inarudisha sifuri.

Viti vinavyoungana bado havijakamilika. Tutazima pia seva moja ya programu katikati ya mzigo kamili, tuone kama zile tatu zinaubeba au zinaanguka moja baada ya nyingine. Mbadala wa huduma ya malipo nao unajibu kwa sekunde 2 zilezile kila mara, na hakuna huduma ya kweli inayofanya hivyo. Wiki ijayo tunaupa mkia: mengi yajibiwe haraka, machache yachukue sekunde 20, na mengine yasijibiwe kabisa.